Amana Iliyochelewa: Safari Yetu ya Kijiji cha Wavuvi, Ngazija



Sifa zote njema ni za Allah (SW), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na masahaba wake. Ndugu wasomaji, safari tutakayoisimulia hatukuikusudia kwa matembezi. Tulikwenda Ngazija tukiwa wawili, katibu na mweka hazina wa kamati ya msikiti mmoja mdogo wa Tanga, tukiwa tumebeba bahasha iliyotiwa muhuri, kofia mbili za mkono ambazo mshonaji wake hakuwahi kuzimaliza, na daftari moja lililochakaa. Vyote vilikuwa mali ya maiti.

Mwenyewe alikuwa Mngazija aliyeishi jirani na msikiti wetu kwa miaka isiyopungua ishirini na mitano. Mchana alishona kofia barazani. Alfajiri alilijaza maji birika la udhu kabla ya muadhini kuamka. Jina lake halisi wengi walikwisha kulisahau. Kwa wakubwa alikuwa Bwana Mngazija, na kwa watoto alikuwa Ami Mngazija. Hakuwa na mke wala mtoto. Homa ya siku tatu ilipomchukua, tulimwosha, tukamkafini, tukamsalia na kumzika. Kisha tukalifungua sanduku lake mbele ya mashahidi, tukalipa deni la duka na deni la nyuzi, na kilichosalia kilikuwa shilingi 2,340,000. Fedha ikatiwa katika bahasha, bahasha ikafungiwa katika kabati la ofisi ya msikiti, na katibu akaandika katika buku la kamati: "Amana. Warithi watafutwe."

Warithi hawakutafutwa. Katika ukurasa wa mwisho wa daftari la marehemu palikuwa na namba moja ya simu ya Komoro. Tuliipiga mara moja, siku ya tatu baada ya maziko, haikupatikana, wala hatukuipiga tena. Kamati ilikutana mara nne: kikao cha kwanza kilijadili nani aende, cha pili kikajadili nauli, cha tatu kikashughulika na uchaguzi wa viongozi, na cha nne hakikuligusa kabisa jambo hilo. Miezi ishirini na miwili ikapita. Tunayaandika haya bila ya kuyafunika kwa sababu buku lilikuwa mikononi mwetu na ufunguo wa kabati ulikuwa kiunoni mwetu.

Kilichotuamsha ni darsa la Ramadhani. Mwalimu alipofika katika aya ya 58 ya Suratin Nisaa, ile inayoamrisha amana zirejeshwe kwa wenyewe, mweka hazina aliinuka katikati ya safu akatoka nje. Alikutwa ameketi kwenye ukingo wa birika. Usiku ule ule tuliipiga namba, nayo ikapokelewa kwa mlio wa kwanza. Mwanamke alituambia kwa sauti ya mbali: "Njooni." Hakusema zaidi. Baada ya Idi tukachangishana nauli mifukoni mwetu, bila ya kuigusa fedha ya marehemu hata senti, tukapanda ndege Dar es Salaam, na kabla ya saa mbili kutimia tulikuwa tumeshuka Hahaya.

Mgeni anayeijua pwani yetu, yenye mchanga mweupe na mikoko, hushtuka anapokiona kisiwa hiki. Barabara itokayo uwanja wa ndege hupita katikati ya mawe meusi yaliyochongoka, kana kwamba jana tu mtu amelimwaga sufuria kubwa la lami likaganda likiwa linachemka. Ndivyo ilivyo kweli. Ngazija yote ni mlima uliotoka chini ya bahari, na kilele chake, Karthala, chenye urefu wa mita 2,361, ni volkano iliyo hai. Juu ya mawe hayo imeota minazi, migomba, mikarafuu, na milangilangi ambayo maua yake hutiwa katika manukato ya Ulaya.

Njiani tulipita Itsandra, nasi tukamwomba dereva asimame kidogo. Hapa ndipo alipozaliwa Sayyid Ahmad bin Sumeit mwaka 1861, na mwanawe Sayyid Umar mwaka 1886, wote wawili wakawa makadhi wa Zanzibar. Wanafunzi wengi wa vyuo vya dini katika pwani yetu wana sanadi inayopita kwa watu wa kijiji hiki, wapende wasipende. Tulichokiona ni ufuo, watoto wanaocheza mpira, na galawa zilizopinduliwa. Moroni tuliswali adhuhuri katika Msikiti wa Ijumaa wa zamani, ule wenye matao meupe yanayotazama bandari, ambao maandishi yake yanautaja mwaka 1427 miladia. Kisha tukaelekea kusini.

Jina la kijiji hatutalitaja, kwa kuwa habari za mirathi ni sitara ya watu. Inatosha kusema kuwa kipo upande wa kusini magharibi, baina ya Iconi na Singani. Iconi ni mji wa masultani wa zamani, wenye jabali ambalo, mwanzoni mwa karne ya 19, wanawake walijitupa kutoka juu yake wasije wakachukuliwa utumwani na wavamizi kutoka Bukini. Singani ni kijiji ambacho mwezi wa Aprili 1977 mlima ulipasuka ubavuni, lava ikashuka na kukifunika. Watu wake walirudi wakajenga tena hapo hapo. Mtu wa Tanga huuliza kwa nini. Mtu wa Ngazija hujibu kwa kuuliza: twende wapi?

Kijiji chenyewe kimeshikilia ukingo wa mawe kama chaza. Hakuna bandari wala gati. Pana mwanya mmoja mwembamba baina ya majabali, na wavuvi huutumia mwanya huo kuingiza galawa kwa kusubiri wimbi la kufaa, kisha huziburuta juu ya magogo ya minazi hadi chini ya mkungu. Mchana kutwa hutasikia ila bahari ikipiga jiwe, kuku, na watoto wa chuoni wakisoma kwa pamoja. Kimya hicho kina sababu yake. Vijana wengi wako Ufaransa, hasa Marseille, na alama yao ni nyumba za zege zisizokwisha, zenye nondo zilizochomoza juu zikisubiri fedha za ghorofa ya pili.

Jambo lililotugusa zaidi ni maji. Ngazija haina mto hata mmoja utiririkao mwaka mzima, kwa sababu mvua hata ikinyesha kwa wingi hupotelea katika mawe hayo yenye vitundu kama maji yaliyomwagwa kwenye ungo. Karibu na bahari wapo waliochimba visima, lakini maji yake ni ya chumvi chumvi na hupanda na kushuka pamoja na bahari. Kwa hiyo kila nyumba ina birika lake kubwa la kukinga maji ya paa, na msikiti una lake. Mlima ulipotoa majivu mwaka 2005, majivu yalianguka juu ya mapaa na kuyachafua maji ya mabirika, watu wakawa na bahari mbele, mvua juu, na hawana cha kunywa. Tulikwenda wakati wa kusi, mvua ikiwa chache, na tukaletewa bilauri mbili za maji zilizojaa hadi ukingoni. Tulipoona namna mtoto alivyokuwa akizitazama, tulijua tumekirimiwa kitu gani. Hapo ndipo tulipoelewa pia kwa nini marehemu, kwa miaka ishirini na mitano, hakuwahi kuacha birika letu likapungua, nasi tukidhani ni tabia tu ya mzee asiye na usingizi.

Tulipokelewa kwanza kwenye bangwe, yaani uwanja wa mji wenye mabaraza ya mawe ambako wanaume huketi baada ya alasiri. Hapo mtu haketi apendapo. Aliyetimiza aada, ile harusi kubwa inayolisha mji mzima, ana baraza lake na kauli yake. Asiyetimiza, hata awe na mvi, huhesabiwa miongoni mwa watoto wa mji. Imamu, ambaye wao humwita Fundi (kwao fundi ni mwalimu wa dini, na mweka hazina wetu, ambaye ni seremala, alifurahi sana kuitwa hivyo kwa makosa), alitueleza kwa upole kwamba marehemu aliondoka akiwa kijana kwenda kutafuta fedha ya aada yake. Haikutimia. Kila mwaka aliandika kuwa mwakani atarudi.

Juu ya aada tutasema wazi tunavyoona. Mtu kuzilimbikiza fedha miaka thelathini, akakosa mke na watoto na mama yake, kwa ajili ya karamu za wiki moja, ni mzigo ambao sharia haikumtwika. Hata hivyo, Fundi alituonesha msikiti wao, mzuri kuliko wetu, na shule iliyo nyuma yake, akasema sehemu ya michango ya aada ndiyo iliyovijenga. Msikiti wetu una bati lililovuja tangu masika ya mwaka juzi na kamati yenye vikao vinne. Tukanyamaza.

Magharibi ilipokwisha tukapelekwa kwa dada wa marehemu. Ni mama wa miaka hamsini na zaidi, mwenye liwa usoni kama bibi zetu. Alitukaribisha, na tulipomshukuru kwa chai alicheka kidogo tuliposhangaa kusikia yeye ndiye akisema "marahaba". Kwao neno hilo ndilo asante. Tuliitoa bahasha, tukaiweka juu ya mkeka, tukaeleza kila kitu kwa tarehe na mashahidi. Alisikiliza hadi mwisho. Hakuigusa. Kisha akauliza:

"Kaka zangu, nani alimwosha?"

Mweka hazina akasema, "Ni mimi, mama. Mimi na muadhini."

"Maji yalikuwa ya moto au baridi?"

"Yalikuwa ya uvuguvugu, yenye karafuu maiti. Birika lilikuwa limejaa. Alilijaza mwenyewe kabla ya kuugua."

Akauliza alilazwa upande gani wa makaburi, kama pana mti, kama watu walikuwa wengi, kama alitamka shahada. Mweka hazina alijibu moja baada ya moja, na ndevu zake zilikuwa zimelowa. Ndipo yule mama alipotuambia kuwa habari ya kifo waliipata kwa msafiri, mwezi mmoja baadaye, kwa maneno mawili tu: amekufa, amezikwa. Mama yao mzazi alikuwa hai. Hakuuliza habari ya mali. Kila aliyetoka Tanzania alimwendea, akamwuliza ni nani aliyemwosha mwanawe, na hakuna aliyejua. Aliuliza hivyo kwa mwaka mzima na miezi miwili. Alifariki miezi minane kabla ya sisi kushuka Hahaya.

"Namba yangu ni ile ile," alisema. "Siku ile labda umeme ulikatika."

Hakulisema kwa lawama, na hilo lilikuwa zito zaidi. Sisi tulikuwa tumeilinda fedha kwa muhuri na kufuli, tukajiona waaminifu. Jibu la swali la yule kizee halikuhitaji nauli, kikao wala kabati.

Asubuhi yake, mbele ya Fundi, tulikaa kuigawa mirathi. Chuoni tulifundishwa mlango uitwao munasakha: mrithi anapokufa kabla ya mali kugawiwa, hisa yake hugawiwa kwa warithi wake yeye. Tulikuwa hodari katika mlango huo, na mtihani tulifaulu. Hatukuwahi kufikiri kuwa yule anayekufa katikati ya hesabu anaweza kuwa amekufa akitusubiri sisi. Marehemu aliacha mama, ndugu mmoja wa kiume wa baba na mama, aliyeko Marseille, na dada huyu. Mama hupata sudusi kwa kuwapo ndugu wawili, na kinachobaki ni cha ndugu, mwanamume mafungu mawili na mwanamke moja. Mali ikawa mafungu kumi na nane, kila fungu shilingi 130,000: mama matatu, kaka kumi, dada matano. Matatu ya mama yanarudi kwa wanawe, mawili na moja.

Dada akasema fungu lake katika hayo matatu ya mama liende katika birika la msikiti wao, lenye ufa tangu zamani, liwe sadaka inayoendelea kwa mama yake. Yale mawili hayakuwa yake kuyatoa. Fundi akampigia simu kaka Marseille, sauti ikasikika chumba kizima. Akaridhia hayo mawili, akalia, kisha akasema kumi lake atalihitaji kwa kuwa aada yake bado ina deni. Hatukumlaumu. Ni haki yake.

Tuliuliza pia habari ya nyumba tuliyokaa ndani yake, kwa kuwa ilikuwa ya mama. Fundi akatabasamu kama aliyelingojea swali. Nyumba ile, alisema, ni manyahuli: mali ya ukoo wa wanawake, hutoka kwa mama kwenda kwa binti, haiuzwi wala haigawiwi, na mwanamume huwa mgeni katika nyumba ya mkewe. Tulimweleza tuliyosoma, kwamba mafungu ya Suratin Nisaa hayatenguliwi na desturi. Akajibu kuwa wazee waliichukulia kama wakfu wa bibi kwa kizazi chake cha kike. Jibu hilo halikututosheleza, na bado halijatutosheleza. Lakini alituuliza: "Kwenu, mabinti wanapewa nusu yao?" Katika buku letu la kamati mna kesi tatu za mwaka huu za kaka waliouza nyumba ya baba na kumwacha dada na mabegi barabarani, nao ni watu wa safu ya kwanza. Tulimjibu ukweli.

Usiku wa mwisho vijana wawili walitupeleka baharini. Hatua chache tu kutoka ufuoni galawa huwa tayari juu ya kilindi, kwa sababu kisiwa hushuka moja kwa moja kama ukuta. Huko huvua nesa, samaki mwenye mafuta mengi, kwa mshipi mrefu wa mkono wenye jiwe la lava la kuuzamisha, nao huvua usiku tu. Katika uvuvi huo ndimo mara moja moja hunasa gombesa, yule samaki ambaye wataalamu walidhani alikwisha kutoweka duniani zama za kale kabla ya mmoja kuvuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Hapa Ngazija Wajerumani walishuka kwa chombo cha chini ya maji mwaka 1987 wakawaona wakiwa hai, kandokando ya miamba ya volkano. Nasi Tanga tunaye. Tunamwita silikanti, na hifadhi ya bahari imetengwa kwa ajili yake. Wavuvi wetu walipoanza kumpata katika miaka ya 2000, watu walikusanyika kumshangaa, na Ami Mngazija alipita na ndoo yake ya maji akasema, bila ya kusimama, "Huyo ni gombesa. Haliwi." Tulimcheka kwa kujifanya anajua. Vijana wa galawa walipoisikia hadithi hiyo waliomba tuirudie mara mbili.

Alfajiri tulikwenda kaburini kwa mama, lililo chini ya mlimao, limezungushiwa mawe meusi. Mweka hazina alichutama, akamsomea Yaasin, kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayejibu mtu aliyeko upande wa pili wa ukuta, kuwa ni yeye aliyemwosha mwanawe. Kofia mbili dada alizichukua. Moja akasema ataimaliza yeye, nyingine itabaki ilivyo, na sindano ndani yake.

Jumatatu ya kwanza baada ya kurejea Tanga tulikwenda makaburini baada ya alasiri, tukaipiga namba ile. Ilipokelewa kwa mlio wa kwanza. Tukasimama kichwani mwa kaburi, tukamweleza mbuyu uko upande gani, bahari iko upande gani, na umbali wa hatua ngapi kutoka lango. Alituomba tuhesabu tena zile hatua, kwa sauti, tukitembea. Tukarudi langoni tukaanza upya.